Swichi ya intaneti iko wapi?
Ndugu, unauliza serikali inazimia wapi intaneti, na kama VPN (programu ya kupitisha mawasiliano yako kwa siri kupitia kompyuta ya mbali) ingekuokoa. Swichi moja ya kuzima intaneti ya nchi nzima haipo, wala serikali haiihitaji. Inazibana kampuni za intaneti kupitia leseni zao. Misri, usiku wa kuamkia 28 Januari 2011, watoa huduma wakubwa walipewa amri, kila mmoja akafuta njia zake zilizotangazwa kwa mitandao ya nje (yaani maelekezo ya jinsi ya kumfikia). Nyaya za baharini zilikuwa nzima kabisa, ila dunia haikujua tena pa kupitia kuifikia Misri. Noor, mtoa huduma mmoja wa huko, ilibaki hewani hadi tarehe 31 (soko la hisa lilikuwa mteja wake, wengi wakahisi ndiyo sababu). Huduma ilirudi 2 Februari. Na hiyo VPN unayoitaja haifui dafu hapo, maana nayo inahitaji intaneti iwepo kwanza.