Jasper, Copy.ai au ChatGPT: unacholipia ni nini hasa

Watu huuliza kama Jasper na Copy.ai, programu za kuandika matangazo, zina akili mnemba ya ajabu ambayo ChatGPT haina. Hapana, hazina. Zote mbili zilianzia kwenye GPT-3, modeli ya lugha ya kampuni ya OpenAI ya mwaka 2020, na OpenAI hao hao ndio walioleta ChatGPT Novemba 2022. Unacholipia ni vya pembeni: violezo vya matangazo, mahali pa kuhifadhi mtindo wa lugha wa chapa yako, na nafasi ya timu kuhariri pamoja. Kama unaandika peke yako, ChatGPT au Claude (programu kama hiyo ya kampuni ya Anthropic) inatosha kabisa.

Naandika matangazo kila siku, na naona matokeo yanategemea unachoilisha programu. Juzi niliomba programu moja (jina tuliache) sentensi ya kuuza chupa ya maji, ikaniletea "badilisha maisha yako leo". Chupa jamani! Nilipobandika matangazo yangu matatu ya zamani, nikaongeza kwamba kifuniko kinafunguka kwa mkono mmoja, ikaandika kuhusu mtu anayeendesha baiskeli akinywa bila kusimama. Hiyo niliitumia.

Kwa makala za blogu, omba muhtasari wa vichwa kwanza, na hakiki kila takwimu maana programu hizi huwa zinatunga. Google walisema Februari 2023 kwamba wakipanga matokeo ya utafutaji wanaangalia ubora wa makala, si nani kaiandika. Ila tangu Machi 2024, kumwaga kurasa kwa wingi zisizo na faida kwa msomaji kunahesabiwa kuwa spamu (takataka za mtandaoni), ziwe zimeandikwa na mtu au mashine.