Barua kwa mwanangu: tortila zilizopinda

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila mvua haitupi nafasi hata ya kuanika kanga.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema kazini mlibishana: mmoja anashikilia kwamba chipsi za pembetatu za tortila, ile mikate bapa ya mahindi ya Wamexico, zilibuniwa na kampuni kubwa, mwingine anasema ni mwanamke mmoja wa hapo hapo Los Angeles. Umeniuliza mimi kwa sababu ulipokuwa mdogo, tukiishi huko, nilikuwa nakupitisha kwenye kiwanda cha tortila kila Jumamosi.

Mwanamke huyo alikuwepo kweli. Ni Rebecca Webb Carranza, mzaliwa wa Durango, Mexico, mwaka 1907. Alikuwa mkuu wa kiwanda cha El Zarape, kwenye kona ya Jefferson Boulevard na Arlington Avenue. Kufikia 1950 walikuwa wameitumia mashine ya tortila kwa miaka mitatu, wakati wengine wengi bado wanapiga kwa mkono. Tortila zilimwagika kwenye mkanda zaidi ya mara 12 ya kasi ya mkono, lakini mwanzoni nyingi zilitoka zimepinda, zikawa za kutupwa. Siku moja nyumbani kukawa na sherehe. Mama yule akazichukua zilizopinda, akazikata pembetatu, akazikaanga. Ndugu wakazigombea. Akaanza kuziuza dukani kwake, senti 10 mfuko, na ilipofika miaka ya 1960 chipsi ndizo zilizokuwa biashara kubwa ya kiwanda.

Huyo mwenzako wa pili mwambie tu kwa upole kwamba kukaanga tortila kulikuwepo kabla ya Carranza. Jikoni kwa Wamexico tortila zilizolala zilikuwa zikikaangwa zamani, kama sisi tusivyotupa kiporo. Carranza alizitoa kiwandani zikafika madukani. Doritos, chipsi za tortila za kampuni kubwa, zilisambazwa Marekani nzima mwaka 1966, yeye alikwisha kuuza zake miaka mingi.

Lakini sikuwa nakupeleka pale kwa ajili ya chipsi. Nilitaka uyaone mahindi.

Unamkumbuka yule mama wa aproni aliyekuwa akikupa kiganja cha mahindi yaliyochemshwa? Ulikuwa unayafikicha, ganda linateleza kama la kunde zilizolowekwa, unabaki na punje ya manjano inayong'aa. Mahindi yale huchemshwa na chokaa, yakalala ndani ya maji yake usiku kucha. Asubuhi huoshwa na kusagwa yakiwa bado na maji, yakawa donge moja kwa moja. Wenyewe wanayaita nixtamal, neno la Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa Mexico, lililobeba majivu ndani yake, maana majivu nayo hufanya kazi ile ile. Wewe unajua magadi yanavyolainisha makande, basi hapo umeshapata picha. Unga wetu wa sembe ukiukanda kwa maji ukausukuma kama chapati, unapasuka kingo zote. Chokaa ndiyo inayoufanya ushikane.

Tena chokaa hufungua niasini, vitamini ambayo kwenye mahindi makavu mwili hauipati vizuri. Mahindi yalipovuka bahari, chokaa iliachwa nyuma. Palipoliwa mahindi karibu matupu, watu waliugua pelagra: ngozi inababuka, tumbo linaharisha, akili inavurugika. Hata huko kusini mwa Marekani iliua watu maelfu kwa maelfu mwanzoni mwa karne ya 20. Sisi pia tuliyapokea mahindi bila chokaa yake. Nikifikiria hivyo huwa nashukuru maharage, mchicha na dagaa.

Kazi hii kwa karne nyingi ilikuwa mabegani mwa wanawake. Wanapiga magoti mbele ya jiwe la kusagia tangu alfajiri, saa kadhaa, kesho tena. Bibi yako mzaa mimi alitwanga kinuni mpaka uzeeni. Usiku nilikuwa namkanda mgongo kwa maji ya moto. Kwa hiyo mtu akiniambia mashine iliharibu tortila, simkubalii. Asimame kwanza yeye kwenye kinu. Kinachonisikitisha ni unga mkavu. Tangu 1949 kampuni ya Gruma, iliyoanzia Cerralvo, kaskazini mwa Mexico, inauza nixtamal iliyokaushwa ikawa unga. Unatia maji tu. Ni rahisi na imelisha watu wengi, ila kiwanda kinachotumia unga huo hakilazi tena mahindi usiku, na ile harufu haipo.

Carranza alifanya kazi hadi alipovuka miaka 80, kufungasha nyama madukani na baadaye kuhesabu watu kwenye sensa. Alifariki Phoenix, Januari 2006, akiwa na miaka 98.

Jumamosi hii wachukue wajukuu zangu, tafuta kiwanda kinacholoweka mahindi chenyewe. Utakinusa kabla hujakiona: harufu ya ukuta uliopakwa chokaa, umenyeshewa mvua. Nenda mapema. Nunua za moto, zile zinazotoa jasho ndani ya karatasi, zifunike kwa kitambaa. Na uwaombee watoto punje, kiganja kimoja tu, wazifikiche wenyewe.

Nakupenda.

Mama yako