Kumtambua mende kwa picha: kwa wanaoanza kazi ya kudhibiti wadudu

Ninyi mnaoanza kazi hii hapa Dodoma mtatumiwa picha za mende kwa simu kabla hamjafika kwa mteja, na kosa la kwanza huwa ni kuamini rangi. Rangi hubadilishwa na mwanga wa taa, na mende aliyetoka kujivua gamba huwa mweupe kwa saa kadhaa, hata wapo wanaodhani ni mdudu mwingine kabisa. Anzeni na ukubwa: mwombeni mwenye nyumba aweke rula kando ya mdudu, kwa kuwa mende wa milimita 13 na wa milimita 40 hujaza kioo cha simu sawasawa.

Kisha tazameni ngao iliyo nyuma ya kichwa. Mende wa Kijerumani, Blattella germanica, ana mistari miwili myeusi inayokwenda sambamba kuelekea mabawa. Yule mkubwa wa vyooni na kwenye chemba, Periplaneta americana, ambaye licha ya jina hilo asili yake ni Afrika, ngao yake ina ukingo wa manjano hafifu.

Anayestahili muda wenu zaidi ni mende aitwaye Supella longipalpa, kwa sababu analingana na wa Kijerumani kwa ukubwa ila hana mistari ile. Yeye ana mikanda miwili iliyopauka inayokatisha mgongo. Niliwahi kumkosea. Picha ilitoka Nzuguni, hapa Dodoma, ikiwa na ukungu, nami nikajibu upesi kuwa ni wa Kijerumani, nikaenda kuweka chambo chini ya sinki na nyuma ya jiko. Wiki mbili baadaye mama mwenye nyumba alinigeuzia fremu ya picha ya sebuleni, na nyuma yake vifuko vya mayai vilikuwa vimegandishwa kwenye ubao. Mende jike wa Kijerumani hubeba kifuko chake mpaka mayai yanapokaribia kuanguliwa. Supella hukigandisha mahali pakavu, mara nyingi juu, kwenye makabati na nyuma ya televisheni, na nyumba zetu za Dodoma zina ukavu huo sehemu kubwa ya mwaka.

Makinda, yaani mende wachanga wasio na mabawa bado, huwachanganya hata wazoefu. Picha ya kinda ikiwa na ukungu, msiitolee jina; ombeni nyingine iliyopigwa kutoka juu, mchana, karibu na dirisha, mdudu akiwa amekufa au amenaswa kwenye gundi.