Mashapo ya mtoni na mashapo ya jikoni

SWALI: Kitabu cha jiografia cha binti yangu kinasema mto "hutua mashapo". Kwetu Tanga, mashapo ni kile kinachobaki ukishakamua kitu. Je, si sahihi zaidi kusema "tope"?

JIBU: Ndugu msomaji, kitabu hakijakosea, wala wewe hujakosea. Neno ni lile lile: mashapo ni masalio, kinachobaki baada ya majimaji kwenda zake. Lilitoka jikoni likafika mtoni, na safari hiyo naipenda. Hata kitenzi kimepata mahali pake, maana mto hutua mashapo kama mchukuzi anavyotua mzigo.

Tope halitoshi, kwani ni sehemu tu ya mzigo huo. Chota maji ya mto wakati wa masika, yatie kwenye chupa ya kioo, uyatikise, kisha uiache itulie. Mchanga utazama papo hapo. Udongo laini utaning'inia majini, pengine hadi kesho yake. Mtoni ni vivyo hivyo. Maji ya kasi huburura changarawe. Yakipunguza mwendo huacha mchanga. Udongo wa mfinyanzi, ule laini, hutua pale yanapotuama.

Kwa hiyo, anayeandika "tope" mahali pa "mchanga" hakosei msamiati tu, anabadilisha mto wenyewe. Nenda Isimila, karibu na Iringa, ambako wanaakiolojia walichimba mwaka 1957 na 1958. Kwenye kuta za korongo utaona tabaka la mchanga, juu yake la mfinyanzi, kisha mchanga tena. Mchanga unasema hapa maji yalipita yakikimbia. Mfinyanzi unasema hapa yalilala. Humo yamepatikana mashoka ya mawe ya watu wa kale, pamoja na mifupa ya viboko. Leo ni korongo kavu lenye nguzo za udongo, lakini kiboko haishi pasipo maji.

Kuna na "kokoto". Kwa wajenzi wa siku hizi, kokoto ni mawe yaliyopondwa, yenye ncha. Mawe ya mtoni yamebingirishwa hadi yakawa mviringo, na umbo hilo ndilo ushahidi wa safari yake. Nashauri uandike "changarawe", au useme wazi "vijiwe vya mviringo".

Upatanisho: mashapo haya yametua, si "mashapo hii imetua". Na "michanga" ninayoikuta kwenye ripoti siipendi. Andika "matabaka ya mchanga".