Mashindano Yakiisha, Uwanja Anabaki Nao Nani?

SWALI: Kaka mhariri, salaam aleikum. Hapa kijiweni kwetu Ngamiani kila jioni ni ubishi wa AFCON 2027, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, hii tunayoandaa na Kenya na Uganda. Arusha wanajengewa uwanja mpya, Tanga hatujengewi kitu na mpira hapa ni wa siku nyingi. Wenzangu wanasema tumebaniwa, mi nauliza hayo mabilioni yanarudi kweli?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Yanarudi kidogo, na mara nyingi hayarudi kwa aliyeyatoa. Watu wanawaza tiketi na wageni kujaa magesti, ila hela yenyewe hasa iko kwenye haki za TV na wadhamini wakubwa, na hizo anazishika mwenye mashindano, Kombe la Dunia FIFA, AFCON ni CAF, shirikisho la mpira la Afrika. Mwenyeji anabaki na viwanja, barabara, ulinzi na deni.

Montreal kule Kanada waliandaa Olimpiki 1976, deni wakalimaliza 2006, miaka 30! Na sehemu ya hela ilitoka kwenye kodi ya sigara, manake kuna watu wamelipia mbio zilizokimbiwa hata hawajazaliwa.

Ila inayoniuma zaidi ni Manaus, Brazil 2014. Mji uko katikati ya msitu wa Amazon, hauna timu ligi kuu, ukajengewa uwanja wa viti zaidi ya 40,000, zikachezwa mechi nne za Kombe la Dunia, basi, wageni wakaondoka, na nyasi bado zinataka maji, taa zinataka umeme, walinzi wanataka mshahara kila mwezi mechi iwepo isiwepo.

Waliopata faida wapo. Los Angeles 1984 walitumia viwanja walivyokuwa navyo, ule mkubwa ulishachezewa Olimpiki ya 1932, wakabakiwa na zaidi ya dola milioni 200.

Mi siipingi AFCON, CHAN, ile ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ilivyofunguliwa kwa Mkapa, uwanja mkubwa wa Dar, Agosti 2025 nilifurahi sana, lakini kwa Mkapa pamekuwepo tangu 2007 na Simba na Yanga wanapatumia, ile hela inafanya kazi mpaka leo. Hata wa Arusha swali ni hilo hilo, 2028 nani atacheza pale kila wiki?

Kwa hiyo hamjabaniwa. Tanga mna Coastal Union, Wagosi wa Kaya, mabingwa wa ligi 1988, mna African Sports, na watu wanaenda uwanjani Mkwakwani bila kubembelezwa. Ningekuwa hapo kijiweni ningeacha kulilia mechi za AFCON, nikadai Mkwakwani ipate nyasi nzuri, taa za maana, vyoo vinavyoingilika na mama akija na watoto, manake hiyo ni hela kidogo sana ukilinganisha na uwanja mpya na msimu wowote ule mtaitumia. Anzeni kwa anayeusimamia huo uwanja, mwandikieni barua, wekeni sahihi kijiwe kizima.