Kabati la Commodore 64: milango ya nini?

SWALI: Mafundi, salaam. Nina Commodore 64, ile kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980, kiendesha diski chake cha 1541 na TV ya chogo ya inchi 14. Seremala wa hapa Ngamiani anataka kunitengenezea kabati la MDF (mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi), lenye milango na mgongo uliozibwa, ili vumbi lisiingie. Nimkubalie?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana, ndugu yetu. MDF kwa hewa ya bahari ya Tanga inavimba kingo, skrubu zinalegea, rafu inapinda chini ya TV. Chukua plaiwudi isiyoogopa maji, milimita 18. Bapa moja la futi 8 kwa 4 linatosha. Kata pande mbili za sm 76 kwa 55, uso wa juu sm 100 kwa 55, rafu ya chini sm 96.4 kwa 40. Nyuma acha wazi, ila piga mbao mbili za upana wa sm 10, juu na chini, la sivyo kabati litayumba. Vumbi? Khanga kuukuu inatosha, mashine ikishapoa.

Kibao cha kompyuta kiwe cha kuvuta, sm 64 kutoka sakafuni. Mashine yenyewe ina kimo cha sm 7.5, kwa hiyo juu ya meza ya kawaida mabega yatauma. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea: reli mbili za kuvutia kibao hula kama milimita 26, basi kibao kiwe sm 93.8 kwa 35. Reli zifungwe kwenye vipande vya mninga chini ya kibao. Skrubu ikiingia ukingoni mwa plaiwudi hupasua tabaka. Kulia mwa mashine acha sm 15, maana huko ndiko kuna swichi, tundu la umeme na joistiki.

Adapta ya asili, ile ya umeme iliyokuja na mashine, iogope. Nyingi zimejazwa gundi ngumu ndani, joto halitoki. Ikiharibika, umeme wake wa volti 5 hupanda na kuunguza chipu za kumbukumbu. Pima kwa mita: zikizidi 5.2, usiichomeke tena. Iweke rafu ya chini, mahali pa wazi, si sakafuni kwenye maji ya kudeki.

Kiendesha diski nacho kikae chini, mbali na TV, kwani sumaku ya chogo huweza kuharibu data za diski. Kina umeme wake ndani na hupumulia juu, kwa hiyo kisibebeshwe kitu. Waya wake uachie ulegevu wa sm 40, kibao kikivutwa usije ukang'oka.