Mjane asiye na mahramu, na safari ya Guangzhou

SWALI: Asalamu alaykum Shehe. Mie niko mjane, bwana yangu alifariki miaka mitatu sasa, naishi komini ya Katuba hapa Lubumbashi. Nauza vitambaa na viatu vya watoto sokoni. Siku zote nanunua kwa wale wanaotoka China, faida inabaki kwao. Mwaka huu zamu yangu ya likelemba, mchezo wetu wa kuchangishana pesa kwa zamu, imefika, nimeongeza akiba yangu, nina dola 6,500 na viza nimepata. Tulikuwa twende wawili Guangzhou, kule China, kununua wenyewe, mwenzangu amepata mimba, ameacha. Sijawahi kwenda mbali kuliko Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Shemeji yangu anasema mwanamke kusafiri bila mahramu, yaani mume au jamaa wa kiume asiyeweza kumuoa kamwe, ni haramu. Mhubiri mmoja amemuunga mkono, akaongeza kwamba mwanamke mweusi kwenda kule ni kujidhalilisha, maana mwaka 2020 Waafrika walitolewa nje ya nyumba zao Guangzhou. Shemeji anataka nimpe yeye pesa aende badala yangu. Mtoto wangu wa kiume ana miaka 14, je, nimtoe shule anisindikize? Namwogopa Mungu, na kule pia nakuogopa.

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah, dada yangu. Mwanao aliniletea barua yako baada ya sala ya Ijumaa, ukurasa wa daftari la hesabu uliokunjwa mara nne. Pale ulipoandika kwamba unamwogopa Mungu, kalamu imekandamiza mpaka karatasi imetoboka. Nilitaka kumjibu kijana kwa mdomo. Niliposoma mara ya pili nikaona maneno haya ya shemeji na mhubiri yameshazunguka sokoni na yatawafungia njia wanawake wengine, basi nikaona niyajibu kwa maandishi.

Naanza na shemeji, ingawa hukumuulizia. Shemeji yako si mahramu wako. Ndugu wa mume, mume akiisha kufa na eda ikapita, anaweza kukuoa kama mwanamume mwingine yeyote, kwa hiyo ni mtu wa kando kwako. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoulizwa juu ya jamaa wa mume kuingia kwa mke wa ndugu yao alisema: "Shemeji ni mauti." Ni hadithi ya Bukhari na Muslim. Inakuwaje basi mtu aliyeonywa hivyo ndiye awe bwana wa safari yako? Katika mirathi pia, ndugu yake ameacha mtoto wa kiume, na mtoto wa kiume humzuia ndugu wa marehemu asirithi hata franka moja. Pesa ya likelemba umeitoa jasho wewe. Ikiwa ndani yake mna fungu la yatima, na ajisomee mwenyewe aya ya 10 ya Suratun Nisaa, juu ya wanaokula mali ya mayatima kwa dhuluma, kwamba wanakula moto matumboni mwao. Simtuhumu kwa nisilolijua. Lakini mtu anayesema "haramu usiende" kisha papo hapo anasema "nipe pesa niende mimi", ushauri wake tunaupima kabla ya kuupokea.

Sasa hukumu. Hadithi wanayoitegemea shemeji na mhubiri ni sahihi, hakuna wa kuikanusha: si halali kwa mwanamke anayemwamini Allah na Siku ya Mwisho kusafiri mwendo wa mchana na usiku bila mahramu. Bukhari na Muslim wameipokea kutoka kwa Abu Hurayra. Wala sitakuficha kwamba wanazuoni wengi wa madhehebu yetu ya Kishafii wanaruhusu wanawake waaminifu kushika nafasi ya mahramu katika hija ya faradhi tu, na safari ya biashara hawakuitia humo. Imam Nawawi, mwanazuoni mkubwa wa madhehebu hayo, ametaja kwamba wapo wenzake walioiruhusu hata safari isiyo ya faradhi, lakini akasema wengi wameikataa. Anayeshika kauli ya wengi ana hoja yake na ninamheshimu. Ninayemkataa ni yule anayeipandisha mimbarini kana kwamba Uislamu haujasema kingine, kisha akaitumia kama kufuli.

Kwa sababu hadithi hiyo ina ndugu yake, na huyo huyo mhubiri haisomi. Ibn Abbas amesimulia kwamba Mtume alipolikataza jambo hili, mtu mmoja alisimama akasema: "Ewe Mjumbe wa Allah, mke wangu ametoka kwenda kuhiji, nami nimeandikishwa katika vita kadha wa kadha." Tazama alichojibiwa. Mtume hakumwambia: tuma mtu akamrudishe mkeo. Alimwambia: "Nenda ukahiji na mkeo." Jeshi liliachwa! Mzigo wa amri ulimwangukia mwanamume, na mwanamke akaendelea na safari yake. Leo wetu wameigeuza: mwanamume anakaa barazani, anakunywa chai, na amri yote anambebesha mjane. Kama kweli mna uchungu na dini ya huyu dada, mtafutieni kaka yake au mjomba wake, mchangishane tiketi, aende naye. Hapo nitakuwa wa kwanza kusema msubiri ndugu yako. Kama hamtoi hata dola kumi, basi mwacheni.

Tena, Adiyyi bin Hatim amesimulia katika Bukhari kwamba Mtume alimwambia: ukiishi maisha marefu utamwona mwanamke akisafiri kutoka Hira mpaka aizunguke Kaaba, hamwogopi yeyote ila Allah. Hira iko Iraq, upande wa Kufa, na kutoka huko hadi Makka ni zaidi ya kilomita 1,000 za jangwa. Adiyyi akasema: nami nimemwona. Wapo waliojibu kwamba hiyo ni habari ya litakalotokea tu, haihalalishi kitu. Jibu hilo halinitoshi. Mtume aliitaja kama bishara, kuonyesha jinsi amani itakavyoenea, na haramu haifanywi kuwa bishara njema. Ndiyo maana Ibn Muflih, mwanazuoni wa Kihanbali, amenukuu kutoka kwa shehe wake Ibn Taymiyya, mtu ambaye hakuna anayemwita mlegevu, kwamba kila mwanamke anayehiji katika amani inafaa kwake kwenda bila mahramu, akatoa sababu hiyo hiyo kwa kila safari ya utiifu. Na Dar al-Ifta, taasisi ya fatwa ya Misri, katika zama zetu imefuata njia hiyo: njia ikiwa salama na yeye mwenyewe akiwa salama, anasafiri. Mahramu aliwekwa kwa ajili ya ulinzi. Kuwalisha mayatima kwa biashara ya halali ni utiifu, dada yangu, usikubali mtu akuambie ni anasa.

Kwa hiyo, kwa hali uliyoieleza, mjane, mwenye haja, mwenye viza, na ukiwa na pahali panapojulikana pa kufikia, ninaona safari yako inafaa. Kijana muache shule. Ana miaka 14, tiketi yake itakula mtaji, na kule wewe ndiwe utakayekuwa unamlinda yeye.

Hili la pili limeniuma kuliko la kwanza. Mhubiri ameitumia hadithi ya Tirmidhi, "haimfai Muumini kuidhalilisha nafsi yake", akaifanya ngozi yako kuwa ndiyo dhila. Lakini hadithi hajaimaliza. Mtume aliulizwa: vipi ataidhalilisha? Akasema: ajitie katika balaa asiloliweza. Hapa panazungumzwa uwezo wa mtu. Rangi haimo. Yaliyotokea Guangzhou Aprili 2020, watu kutolewa vyumbani na kukataliwa hotelini wakati wa korona kwa sababu ni Waafrika, ni dhulma ya kweli, mabalozi wa Afrika waliipinga kwa maandishi. Lakini aibu ya dhulma humkaa nani? Abu Dharri alipomtusi mtu kwa mama yake, Mtume alimgeukia Abu Dharri akamwambia: "Wewe ni mtu ambaye ndani yako mna ujahili." Aliyetukana ndiye aliyeonekana na kasoro. Mhubiri akisimama leo kukuambia ukae nyumbani kwa sababu wengine watakudharau, ameichukua kasoro yao akakuvisha wewe.

Mimi mwenyewe nimewahi kutolewa kwenye foleni ya uwanja wa ndege, nchi ya watu, peke yangu kati ya abiria zaidi ya mia, na kanzu yangu ikapekuliwa mshono kwa mshono. Nilitetemeka, sikatai. Nilichoshika ni tasbihi yangu na karatasi zangu.

Na kama wanataka mfano wa mwanamke mweusi safarini, nani aliyemrudisha Mtume wetu Makka alipofiwa na mama yake pahali paitwapo Abwaa, mtoto wa miaka sita, yatima wa baba na sasa wa mama? Ni Umm Ayman, Baraka, Mhabeshi. Ibn Saad amepokea pia kwamba mama huyo alipohajiri kwenda Madina alishikwa na kiu njiani, amefunga, hana maji, akateremshiwa ndoo kutoka mbinguni akanywa. Sijengi hukumu juu ya riwaya hiyo. Nataka tu uijue, siku utakapokaa peke yako kwenye kiti cha ndege.

Sasa sikiliza mambo ya njia, maana ruhusa niliyoitoa imefungwa na neno "salama", na usalama una sehemu yako.

Usibebe mzigo wa mtu. Nalisema hili kwa nguvu zangu zote. Atakuja mama unayemheshimu, au kijana mpole wa uwanja wa ndege wa Luano hapa kwetu au wa Addis Ababa, akuombe umfikishie kifurushi cha dawa za kienyeji au unga wa muhogo kwa nduguye. Sheria ya China inafikisha hukumu ya kifo kwa anayesafirisha gramu 50 za heroini, na kusema "nilipewa" hakumwokoi mtu kirahisi. Mkatalie hata kama atakuita huna imani.

Fikia hoteli inayopokea wageni, wao watakuandikisha polisi. Ukifikia nyumbani kwa mtu, inabidi kuandikishwa ndani ya saa 24. Tafuta mkalimani mwanamke, na bei zizungumzwe dukani, kamwe isiwe chumbani. Usilipe pesa yote kabla ya kuuona mzigo: desturi ya kule ni kutanguliza kama asilimia 30, na kinachobaki ukishakagua. Kontena litapita Dar es Salaam au Durban mpaka Kasumbalesa, basi uliza ushuru kabla ya kununua.

Wakikuambia ufunue kichwa kwenye ukaguzi, omba kwa utulivu afisa mwanamke na chumba cha pembeni. Wakikataa kabisa, ni dharura, huna dhambi. Watu watakutazama, wengine watakupiga picha bila ruhusa au kutaka kugusa nywele na ngozi. Una haki ya kusema hapana kwa mkono na kwa uso. Wengi wao ni washamba wa jambo hilo, hawana uadui, nawe utaanza kuwatofautisha baada ya siku mbili.

Sala za rakaa nne utasali mbili, na unaweza kukusanya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha, maadamu hukunuia kukaa siku nne kamili bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka. Ukinuia zaidi, sali kamili. Saa za kule ziko mbele yetu kwa sita. Chakula, tafuta migahawa ya tambi za Lanzhou, wenyewe ni Waislamu, na mlangoni pana maandishi ya *qingzhen*, yaani halali, mara nyingi kwa rangi ya kijani. Mwombe mkalimani akuandikie neno hilo kwenye karatasi. Ijumaa nenda msikiti wa Xianxian, Waafrika wengi husali pale. Wenyeji watakuonyesha kaburi na kusema ni la Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume. Saad alizikwa makaburi ya Baqii, Madina, lakini usibishane nao. Sali sala yako, kisha uwatafute akina mama wa Kiafrika baada ya sala. Hao ndio wenzako wa safari, uliokuwa umewakosa hapa.

Kabla ya kuondoka, andika wasia: nani unamdai, nani anakudai, pesa ya likelemba bado inadaiwa zamu ngapi. Nakala mpe mama wa likelemba unayemwamini, nyingine nipe mimi. Kijana wako na alale kwa mjomba wake siku hizo, na kila baada ya Magharibi aje msikitini kwangu tupige simu pamoja.

Wallahu aalam.